Usimlipe huyo fundi kesho. Mizani kwanza

Mkuu mleta mada, sijamaliza hata kusoma maelezo yako. Nilipofika pale uliposema fundi wa vitanda amekuahidi kukuchongea gitaa kwa ubao wa mninga wa inchi mbili na kesho asubuhi unamtumia laki nne za kuanzia, nimeacha chai inapoa. USITUME. Mwambie simu imeingia maji, mwambie mtandao uko chini, mwambie umefiwa na kuku, lolote, lakini hiyo laki nne ilale kwako mpaka umalize kunisoma.

Kwa mnaopita tu: mwenzetu anatafuta gitaa la kupakata, lile la Kihawai linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha kichuma juu ya nyuzi. Analitaka la mbao, lililochongwa kwa mkono. Kauliza atalipata wapi, bei ikoje, alityuni vipi, afunge pikapu gani (kile kinasa sauti cha nyuzi) na spika ya ukubwa gani. Maswali mazuri yote, ila leo naanza na mbao.

Mimi wazimu huo ulinipanda 2019, nikiwa bado Dar. Chanzo ni King Sunny Adé wa Nigeria. Ile sauti inayolia kwa nyuma kama mtu anayeita ng'ambo ya mto ni ya Demola Adepoju, na chombo chake ni cha ukoo huu huu, ila chenyewe kina miguu na kanyagio. Nikaanza kupekua. Nikaona magitaa ya Hermann Weissenborn, Mjerumani aliyehamia Los Angeles, ya miaka ya 1920, matupu ndani mpaka kwenye shingo, ya mbao ya koa ambayo kwao ni Hawaii na si pengine. Nikaona na bei. Nikazima simu nikaomba maji ya kunywa.

Hapo ndipo akatokea mtaalamu. Simtaji, yeye anajijua na pengine yumo humu anasoma kimya. Tulikuwa naye kundi moja la wapiga gitaa la WhatsApp. Akaniandikia hivi, ninayo mpaka leo: "Kaka, hilo gitaa halibonyezwi. Nyuzi hazigusi shingo. Hata shingo ipinde kama upinde, kichuma ndicho bosi. Mti wowote unafaa, mpe seremala." Nilipositasita akanimalizia na historia: eti la kwanza la umeme, la Rickenbacker, lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa la aluminiamu tupu, sasa habari za mbao za nini? Alichosahau kuniambia ni kwamba hilo la aluminiamu lilisumbua wapigaji kwa kupoteza tyuni likipata joto la taa za jukwaani, kwa kuwa aluminiamu nayo hutanuka. Yaani shahidi aliyemleta mahakamani alikuwa wa upande wetu. Lakini mimi wakati ule nilijua nini? Niliona mtu anataja mwaka, nikamwamini.

Ubaya wa maneno yake ni kwamba nusu ni kweli. Gitaa la kupakata freti zake, ile mistari ya kukatiza shingoni, ni alama tu za kukuonyesha pa kuweka kichuma. Shingo ikipinda kidogo kwenda mbele, kama mtu anayeinama, utaishi. Ila ikijisokota kama mtu anayegeuza shingo kuangalia nyuma, umekwisha. Kichuma kimenyooka, hakina huruma, kinataka nyuzi zote sita zilale usawa mmoja kama maji kwenye sinia. Uzi mmoja ukishuka hata milimita moja, kichuma kinaukanyaga huu na kuuruka ule. Hilo mtaalamu wangu hakulisema. Sidhani kama alikuwa amewahi kulipakata hata moja.

Basi nikaenda kwa fundi. Mtu mzuri, mcheshi, kitanda chake mpaka leo nakilalia. Akanionyesha ubao wa mninga mnene wa inchi mbili, mwekundu, mzuri, akaupiga kofi kama ng'ombe wa mnada. "Huu mkavu, bosi. Na mninga haupindi." Na hapa tusimwonee mninga: ni kweli ukishakauka ni mbao tulivu kuliko nyingi tulizonazo. Shida ilikuwa hapo kwenye neno mkavu.

Nilikuwepo anapiga randa. Takataka zilikuwa zinatoka laini, ndefu, za baridi. Nikachota konzi moja nikaifinya, nikafungua mkono: donge. Limeshikana kama unga uliomwagikiwa maji. Nikaona, nikacheka, nikapiga picha nikatuma kwenye kundi! Mtaalamu akaweka kidole gumba. Na kule mwisho wa ubao kulikuwa na kiduara kidogo cheusi, kama jicho la kuku. Nikadhani urembo. Kumbe ule ndio moyo wa mti wenyewe, pale katikati kabisa ya gogo, na mbao ya karibu na moyo ndiyo yenye tabia ya kujisokota na kupasuka kuliko yote. Fundi wa vyombo huikwepa. Mimi nilimwambia fundi aiweke ionekane.

Laki sita na nusu kwa fundi. Laki tatu na themanini vya kufunga kutoka nje: vikazio vya nyuzi, daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa chini), vikorokoro. Likang'aa kwa vanishi upande wa mbele tu, maana fundi alisema nyuma hakuonekani. Miezi miwili ya kwanza, aisee, lililia vizuri. Nilijiona Kekuku, yule kijana wa Oahu anayetajwa kama mwanzilishi wa mtindo huu mwishoni mwa karne ya 19.

Kisha kazini nikahamishiwa Dodoma.

Mnaoijua Dodoma ya Julai na Agosti mnajua. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, nguo ukianika ukigeuka imekauka. Usiku mmoja nikasikia "KWA!" sebuleni. Nikajua mwizi kavunja dirisha. Nikatoka na rungu, mke nyuma yangu na mwiko. Hakuna mtu. Gitaa liko ukutani, na ufa umetoka kwenye lile jicho la kuku mpaka chini ya daraja, unaingiza kucha. Asubuhi nikalipakata nijipe moyo. Nyuzi tatu nyembamba zikaimba, mbili zikakwaruza, ule mnene ukawa unafoka kama paka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo palipokula hela kuliko pote, na ndipo na wewe utakapoingia ukilipa kesho. Kupoteza gitaa ni kitu kimoja. Mimi nililipa MARA YA PILI. Nilimpigia fundi, akasema lete tunyooshe, kazi ya siku moja. Nikalipakia kwenye basi mpaka Dar. Likakaa wiki tatu kibandani kwake, kwenye joto na jasho la pwani, likanywa unyevu, likarudi karibu na umbo lake la zamani. Akalirandia hapo lilipojisokota, ufa akaujaza gundi na unga wa mbao, akapaka rangi juu. Laki na ishirini, bila nauli. Kwake pale lilinyooka kweli, alinitumia video. Likarudi Dodoma. Wiki ya tano likajisokota tena, maana alikuwa amelinyoosha kwa hewa ya Dar mimi nikalipeleka kuishi kwenye hewa ya Dodoma! Na mbao za kurudia kurandia zikawa zimeisha, shingo imebaki kama mwiko wa ugali.

Nililipima kwa rula mbili. Unasimamisha moja pale nyuzi zinapoanzia, nyingine kwenye daraja, unafumba jicho moja unaangalia juu ya rula ya kwanza kuitafuta ya pili. Zikilala sambamba, shwari. Zangu zilipishana milimita nne. Kwa watu wa vitanda milimita nne ni utani tu. Nyuzi sita zilizokazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo hamsini usiku na mchana, na ubao unaoendelea kutoa maji hauna ubavu wa kubishana nazo.

Mama mkwe alikuja kutusalimu akalikuta limelala jikoni. Akaligeuza, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba Neema, mbuzi hii mbona haina meno?" Nikamwambia bado haijamaliziwa, mama. Kwa hesabu yangu hiyo ndiyo mbuzi ya kukunia nazi ghali kuliko zote Dodoma, milioni moja na laki na hamsini, na nazi haikuni.

Kwa hiyo mkuu, sheria ni moja, iandike ukutani: MIZANI KWANZA, HELA BAADAYE. Usiulize fundi kama ubao ni mkavu. Hakuna fundi duniani atakwambia mbichi. Nunua ubao wenyewe tu, uchukue nyumbani, kwenye chumba kile kile gitaa litakapoishi. Uinue juu ya vijiti hewa ipite chini na juu, usiuweke juani, ncha zake zipake mshumaa ulioyeyushwa zisikauke haraka zikapasuka. Kila Jumamosi uuweke kwenye mizani, ya duka la mtaani inatosha, uandike gramu kwenye daftari. Uzito ukishuka, maji bado yanatoka. Ukikaa pale pale wiki nne, umezoea hewa yako, na hapo ndipo mtu aruhusiwe kuugusa na patasi. Wazee wa mbao husema inchi moja ya unene ni mwaka mmoja wa kukausha. Huo wa fundi wako ni inchi mbili. Muulize mti ulikatwa lini. Akianza kuangalia juu, jibu unalo.

Ninalopiga sasa limetoka kwenye mbavu za kitanda cha marehemu bibi, mninga uliolaliwa miaka arobaini na kitu. Hata huo niliupima, sikuuonea aibu ukoo. Wiki ya kwanza kilo 4.06, maana ulitoka stoo yenye unyevu, ya pili 3.98, kisha 3.94, kisha 3.93. Nikasubiri mpaka nikaandika 3.93 mara nne mfululizo, mke akawa ananiuliza huyo mtoto wa kliniki anaendeleaje. Fundi mwingine, kijana, akauchonga. Umbali wa nyuzi kutoka juu mpaka kwenye daraja sentimita 57, vanishi mbele, nyuma na kwenye ncha. Kiangazi cha tatu hiki, rula bado zinaonana.

Ukiona subira hiyo huiwezi, tafuta lililokwisha kutengenezwa. Kolkata, India, hili gitaa bado wanalipiga sana na mafundi wapo, huko angalia kabla ya kuota ya Hawaii. Hata hilo mwambie muuzaji akupige picha ya zile rula mbili kabla hujatuma kitu, akikwambia halibonyezwi mkimbie.

Na huyo fundi wako sijamhukumu bado, huenda ubao wake ni mzuri. Pita kwake leo jioni, piga picha ncha zote mbili za ubao kwa karibu, uziweke hapa. Natafuta jicho la kuku.