Jirani ana sherehe kila wikiendi, nifanyeje?

SWALI: Dada naomba ushauri, nakaa huku Mwanza, Mabatini mlimani, jirani yangu leo kipaimara kesho besidei, spika zote zinatazama dirishani kwangu na nina mtoto mchanga, besi ikipigwa vikombe kabatini vinagongana kabisa, nikisema naambiwa nina roho mbaya. Niende polisi?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, polisi subiri kwanza. Kipaimara au msiba wa siku moja tunavumiliana, kesho na wewe utafunga turubai njiani watu wazunguke, ila kila wikiendi hapana, hiyo ni kero. Mfuate jioni ya katikati ya wiki, sio watu wakiwa wameshakunywa, mwombe ageuze spika maana huko kwenu mawe yanarudisha sauti, na saa nne usiku apunguze. Akigoma nenda kwa mwenyekiti wa mtaa malalamiko yaandikwe, na ujue kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo hapo Mwanza. Mtoto kwa sasa mhamishie chumba cha nyuma.