Maswali ya Wasomaji: Goti la Mama na Sindano ya Ng'ambo

*Shikamoo mama. Nakuandikia kwa ajili ya mama yangu mzazi. Ana miaka 66 na magoti yote mawili yanamuuma, la kulia zaidi. Eksirei ilionyesha yamesagika, na daktari akasema huko mbele atahitaji goti bandia. Mama hataki kusikia habari za kisu. Mdogo wangu amepata kliniki nje ya nchi inayotibu kwa seli shina. Wametutumia video za wagonjwa wakipanda ngazi, wanasema hakuna upasuaji, ni siku tatu tu, na gegedu inaota upya. Wanataka nusu ya malipo kabla ya mwisho wa mwezi ili watushikie nafasi. Nyumbani tumegawanyika. Tumpeleke?*
*— Binti mkubwa*

Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole zangu. Nitatanguliza jibu ndipo nieleze: angekuwa mama yangu nisingempeleka, na hiyo nusu ya malipo nisingeituma. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Magoti ya namna hii nimeyashika kwa mikono yangu, kabla ya upasuaji na baada yake, na ninajua maumivu ya usiku yanavyomfanya mtu akubali lolote analoahidiwa. Kwa hiyo mdogo wako msimlaumu. Anampenda mama yake.

Sasa tuitazame ahadi yenyewe. Gegedu ndiyo inayofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Haina mishipa ya damu, na hiyo ndiyo sababu ikilika hairudi kama ngozi inavyorudi baada ya mkwaruzo. Kliniki hizi huchukua seli shina, yaani seli zinazosemwa zinaweza kugeuka seli za aina nyingine, kwenye uboho wa mfupa wa nyonga, au kwenye mafuta ya tumbo, au hutumia zilizotoka katika kitovu cha mtoto aliyezaliwa, kisha wakazichoma ndani ya goti. Mnaambiwa kwamba seli zitajishikiza palipolika na kugeuka gegedu mpya. Kwa goti lililosagika, hilo halijathibitishwa. Seli nyingi hazikai gotini muda mrefu, na kama kuna faida, inaelekea kutokana na kemikali zinazotolewa na seli hizo, ambazo huweza kutuliza uvimbe. Arnold Caplan wa Marekani, aliyezitambulisha seli hizi kwa jina la seli shina mwaka 1991, ndiye huyo huyo aliyeandika mwaka 2017 kwamba kazi ya seli hizo mwilini ni kutoa kemikali, si kujenga tishu.

Utafiti ninaopenda kuwaeleza wagonjwa ulifanywa katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, ukachapishwa mwaka 2017. Walichukua wagonjwa 25 wenye maumivu ya magoti yote mawili, kama mama yenu. Goti moja lilichomwa seli kutoka uboho wa mgonjwa mwenyewe, la pili likachomwa maji ya chumvi, na mgonjwa hakujua lipi limepata nini. Magoti yote mawili yakapata nafuu, na lile la maji ya chumvi likapata nafuu sawa na mwenzake. Waite ndugu zako wote muisome habari hiyo pamoja kabla hamjauza kitu.

Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine likachapisha utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 475. Seli za uboho, za mafuta na za kitovu zililinganishwa na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo mama anaweza kuchomwa na daktari wa mifupa bila kupanda ndege. Baada ya mwaka mmoja, hakuna aina ya seli iliyoishinda steroidi katika kupunguza maumivu, wala picha za MRI hazikuonyesha tofauti ndani ya goti. Zipo tafiti ndogo zilizopata nafuu kiasi, na sitaki kuzificha. Lakini wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipoziweka tafiti pamoja mwaka 2025 walisema nafuu hiyo huenda ipo, ni ndogo, na ushahidi wake bado ni dhaifu. Anayekwambia gegedu inaota upya anasema jambo ambalo wanaoitafiti wenyewe hawalisemi.

Utauliza, na wale wanaopanda ngazi kwenye video? Huenda wengi wao wanasema kweli. Maumivu ya goti lililosagika hupanda na kushuka, na mtu hukimbilia tiba siku yakiwa juu kabisa, kwa hiyo hata asipofanya chochote kuna uwezekano baada ya wiki kadhaa yatashuka. Juu ya hapo amepumzika, amehudumiwa vizuri, amelipa fedha nyingi na ana matumaini makubwa. Video huchukuliwa wakati huo. Sijaona kliniki inayomrudia mgonjwa yule yule baada ya miaka miwili na kamera mkononi.

Kuna na hatari, na hapa ndipo moyo wangu unaposhtuka zaidi. Ndani ya goti ni mahali ambapo bakteria wakiingia huliharibu goti kwa haraka. Mwaka 2018 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa taarifa ya wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walioambukizwa bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu, na walilazwa hospitali. Mwaka 2024 CDC hiyo hiyo ikaeleza juu ya Wamarekani waliotibiwa kwa seli shina nchini Mexico wakarudi na bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus, wakiwamo waliochomwa kwenye viungo. Kijidudu hicho ni sugu. Matibabu yake ni dawa kadhaa kwa pamoja kwa miezi mingi, na dalili huweza kuchelewa, mgonjwa akawa amekwisha rudi kwao na aliyemchoma yuko nchi nyingine.

Na hayo maneno ya kushikiwa nafasi hadi mwisho wa mwezi yananiudhi. Goti lililosagika limechukua miaka kufika lilipo, na halitaharibika kwa sababu mmechukua wiki sita kutafakari. Anayemharakisha mgonjwa wa aina hii anaharakisha fedha.

Sasa mama asaidiweje? Kwanza mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na si ya wiki moja. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu hadi goti linyooke kabisa, aushikilie hewani akihesabu polepole, aushushe. Akiweza hilo bila taabu, aanze kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Mwanzoni atalalamika kwamba linauma zaidi. Maumivu madogo yanayopoa kabla ya kesho yake hayana madhara, na mtu wa kumtia moyo wiki hizo za mwanzo uwe wewe. Kama ana uzito wa ziada, apunguze hata kidogo: watafiti wa Marekani walipima mwaka 2005 wakaona kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Sijui dawa yenye hesabu nzuri kama hiyo. Jeli ya diklofenaki ya kupaka husaidia wengi bila kulisumbua tumbo kama vidonge. Na fimbo aishike mkono wa kushoto, kwa kuwa goti la kulia ndilo baya zaidi. Watu wengi huishika upande unaouma, na goti linaendelea kubeba mzigo ule ule.

Kuhusu kisu, muulizeni mama anaogopa nini hasa. Wengine huogopa usingizi wa dawa, wengine wanaogopa kuwa mzigo kwa watoto wakati wa kupona, na wapo waliomwona jirani ambaye mambo hayakumwendea vizuri. Kila hofu ina jibu lake, na ukiijibu isiyo yake hamtafika popote. Mwambieni na hili: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti bandia kama 8 kati ya 10 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa mama wa miaka 66, goti hilo huenda likamtosha maisha yake yote. Si lazima afanyiwe kesho. Lakini akubali kulizungumza.

*Habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori na bega langu limechoka. Kliniki niliyopata inasema imesajiliwa na serikali ya nchi yake na utafiti wake uko kwenye ClinicalTrials.gov. Je, hiyo haitoshi kuonyesha kwamba dawa yao imethibitishwa?*
*— Dereva*

Nzuri, ndugu yangu. Haitoshi, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa.

ClinicalTrials.gov ni daftari la Marekani la kuorodhesha tafiti, lililofunguliwa mwaka 2000. Mwenye utafiti huandika taarifa zake mwenyewe. Kuwemo mle hakumaanishi serikali imeikubali dawa, na tovuti yenyewe inasema hivyo. Tazama jambo moja: je, mshiriki analipa? Kwa kawaida katika utafiti wa dawa mpya mgonjwa halipii dawa inayojaribiwa. Ukidaiwa malipo kamili ili "ushiriki", wewe ni mteja.

Usajili wa serikali nao hutofautiana. Japani ina sheria maalumu iliyoanza kutumika Novemba 2014, na kliniki zilizofuata taratibu zake zinaruhusiwa kutoa tiba za seli kwa malipo. Utaratibu huo unaangalia usalama na mipango ya kliniki, haudai kwanza ithibitishwe kwamba tiba inaponya. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 bidhaa ya Cartistem, ya seli kutoka damu ya kitovu, kwa gegedu ya goti. Hiyo huwekwa kwa upasuaji ndani ya goti. Ni goti, tena kwa kisu, kwa hiyo mtu akikutajia Korea ili akuchome sindano ya bega, anakuchanganyia mambo mawili. Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, haijaidhinisha bidhaa hata moja ya seli shina kwa maumivu ya viungo, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa huko ilikubaliana nayo kwamba seli zinazotolewa kwenye mafuta ya mgonjwa na kuchakatwa ni dawa zinazopaswa kusimamiwa nayo.

Kwa hiyo waulize: mmesajiliwa kufanya nini hasa, na kwa ugonjwa upi? Leseni ya kufungua kliniki ni kitu kimoja, idhini ya dawa kwa bega ni kingine. Na bega "kuchoka" si ugonjwa. Huenda ni msuli uliochanika, huenda bega limeganda, huenda maumivu yanatoka shingoni. Pata jina la ugonjwa kwanza. Bega lililoganda, kwa mfano, mara nyingi huachia lenyewe taratibu likisaidiwa na mazoezi, na ingekuwa uchungu kulipia safari ya mbali kwa ajili yake.

*Mama, mimi nimekwisha amua na nimelipa. Naondoka kwenda kuchomwa goti. Usinikataze, niambie tu nijilinde vipi.*
*— Msafiri*

Sikukatazi, mwanangu. Mwili ni wako, na nataka urudi salama.

Kabla hujaondoka, pata majibu kwa maandishi: seli zinatoka wapi, zinakuzwa maabara au la, kama ni za mtu mwingine, amepimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini, bidhaa imepimwa bakteria, nani anachoma, na ana ujuzi gani wa mifupa, ukipata tatizo baada ya kurudi nani atagharamia. Fomu ya ridhaa waitume mapema, katika lugha unayoielewa vizuri, uisome ukiwa nyumbani. Wakikataa kuituma, nakuomba uipoteze hiyo fedha na ubaki.

Waeleze kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama una kisukari, au kama umewahi kuugua saratani. Usiache dawa zako kwa agizo la simu. Muulize daktari wako anayekujua. Sindano ya goti ikigeuka papo hapo kuwa "na dripu ya mwili mzima kwa nyongeza ya bei", kataa. Hukuiendea hiyo.

Usipande ndege siku ile ile. Safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda mguuni, na wewe utakuwa na goti lililovimba usilolikunja sawasawa. Pumzika, kisha ndani ya ndege simama na utembee, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji. Rudi na karatasi zote: jina la bidhaa, namba ya kundi lake, kiasi ulichochomwa na tarehe. Siku ukilazwa, karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia daktari atafute kijidudu gani.

Weka miadi na daktari wa nyumbani kabla ya kuondoka, umkute ukirudi, na umwambie ukweli wote ulichofanyiwa. Ukipanga upasuaji wa goti baadaye, mtajie daktari mpasuaji tarehe ya sindano, maana sindano iliyo karibu na upasuaji huweza kuongeza hatari ya maambukizi. Na ukiona goti limekuwa jekundu, la moto, limejaa, una homa au unatetemeka, au huwezi kulikanyagia, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Kliniki ikikwambia kwa simu kwamba ni kawaida, seli zinafanya kazi, usiwasikilize.