Mfarishi wa vitenge kwa baridi ya Makete

Ukitaka kujua mfarishi, yaani shuka nene la viraka lenye kijazo ndani, umeshonwa na mjuzi, usianze na rangi. Ukunje mara mbili, uuminye kwa viganja, kisha uuachie. Ukifumuka taratibu, una hewa ndani. Ukibaki umelala kama kitambaa cha meza, au ukisikia mabonge yanatembea chini ya vidole, ujue fundi alimalizia nguvu zake zote kwenye viraka vya juu.

Hilo ndilo kosa la wengi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mtu anahangaika wiki nne kupanga vitenge sakafuni, siku ya kuunganisha anatia ndani chochote kilichopo. Baridi ya Juni na Julai ya Makete, Njombe au Uyole haina habari na mpangilio wa rangi. Kinachoizuia ni hewa iliyotulia ndani ya kijazo, na kinachokifanya kijazo kisihame ni mishono inayopenya matabaka yote matatu: uso wa viraka, kijazo na mgongo. Kwa hiyo tafuta kijazo kwanza, kabla hujakata kiraka hata kimoja.

Kijazo cha gharama nafuu ni blanketi kuukuu la mitumba, na kwenye soko la Mwanjelwa jijini Mbeya au kwenye minada hulikosi. Chukua jepesi, maana blanketi zito ndani ya vitenge viwili linakuwa mzigo usioingia hata chini ya mguu wa cherehani. La sufu halisi lina joto kuliko yote, ila likikutana na maji ya moto na kusuguliwa hunywea, na halirudi. Lifue mara mbili kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kulitumia. Likinywea likiwa ndani tayari, uso wote utajikunja kama ngozi ya zabibu kavu na hakuna pasi itakayouokoa.

Faiba ya karatasi, ile bapa inayouzwa kwa mita kwa wauza vifaa vya makochi, ni nzuri pia. Unene wa sentimita moja unatosha. Faiba ya kujazia mito, ile iliyochambuliwa, iache huko huko kwenye mito. Sufi nayo vivyo hivyo. Zote mbili hukusanyika pembeni baada ya kufuliwa mara mbili tatu na kuacha katikati pakiwa patupu, mahali hasa panapolala kifua cha mtu. Sponji usiiguse kabisa. Haipitishi jasho, na ikizeeka inamung'unyuka unga wa njano unaotoka kwenye kila tundu la sindano.

Kijazo ndicho kinachoamua mishono ikae umbali gani. Blanketi limeshikamana lenyewe, linavumilia nafasi ya inchi 6 hadi 8. Faiba ya karatasi isizidi inchi 4, la sivyo inachanika ndani. Lakini usishone kila inchi moja kwa kudhani unaimarisha. Kila mstari wa uzi unaibana hewa hadi inaisha, na mfarishi ulioshonwa sana unapendeza machoni huku baridi ikipita.

Sasa vitambaa. Mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani hupatikana kwa bei ndogo, na mengi hujaa misimu ya mahafali na kuelekea Krismasi. Shida ni kwamba ndani ya mfuko mmoja utakuta pamba na polista zimechanganyika, na kwa macho zinafanana. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, ziwashe kwa kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi inayoungua, na inaacha jivu jepesi linalopeperuka ukilipuliza. Polista inaukimbia moto kwanza, kisha inayeyuka, na ikipoa inaacha kishanga cheusi kigumu ambacho kucha haikipondi. Si kwamba polista haifai kitu. Inakaa vizuri kwenye foronya za makochi. Ila usiishone jirani na pamba kwenye mfarishi mmoja. Pamba inanywea ikifuliwa na polista hainywei, kwa hiyo mshono kati yao unajikunja. Tena pasi inayonyoosha pamba vizuri inaikaanga polista.

Fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Vipande vidogo vitie kwenye foronya kuukuu, funga mdomo, fua hivyo hivyo, maana vikifuliwa wazi vinafumuka pembeni na kufungamana kama nywele. Nyekundu, zambarau na buluu iliyokoza ndizo za kuogopwa. Loweka kila rangi peke yake kwenye beseni pamoja na kipande cheupe kwa nusu saa. Kipande cheupe kikitoka na rangi, suuza na urudie. Kitenge kinachotoa rangi hata mara ya nne kitafutie kazi nyingine. Chumvi na siki zinazosifiwa sana hazitafunga rangi ambayo kiwanda hakikuifunga.

Kwa anayeanza, ukubwa mzuri ni ule wa mtoto au wa kujifunika magotini ukiwa umekaa. Kata viraka 80 vya inchi 5 kwa 5, uvipange 8 kwa upana na 10 kwa urefu. Mshono ni robo inchi kila upande, hivyo kila kiraka kinabaki inchi 4½, na uso mzima unakuwa inchi 36 kwa 45. Mgongo uwe inchi 42 kwa 51. Kitenge chenye upana wa inchi 45 hivi kinatosha bila kuunganishwa, nunua mita moja na nusu. Kijazo kikate inchi 40 kwa 49.

Mfarishi wa kitanda cha futi tano kwa sita ni kazi nyingine: viraka 210 vilivyokatwa inchi 6½, 14 kwa 15, unapata inchi 84 kwa 90. Hapo mgongo wa kitenge utahitaji kuungwa vipande vitatu, wakati shuka moja kubwa la pamba la mitumba linamaliza kazi bila kiungo. Lipime kwanza, lifike inchi 90 kwa 96.

Kipimo cha kukatia usikitengeneze kwa boksi. Ukichora kwa chaki mara sitini kando zake zinalika, na kiraka cha mwisho hakilingani na cha kwanza. Mfuniko wa ndoo ya plastiki una sehemu bapa ya kutosha kutoa kipimo cha inchi 5 kisicholika. Kata ukifuata uzi wa kitambaa. Kilichokatwa mshazari kinavutika kama mpira, na hutajua mpaka mistari ianze kwenda upande.

Kwenye mshono wa robo inchi hakuna kusamehe. Ukiuzidisha kwa milimita 1.5 tu, kila kiraka kinapoteza milimita 3, na mstari wa viraka 8 unapungua milimita 24, karibu inchi nzima. Mstari wa pili ukiwa sahihi, kona hazitakutana hata uvute vipi. Kabla ya kazi, kata vitepe vitatu vya upana wa inchi 2, viunganishe, kisha pima cha katikati. Kiwe inchi 1½ kamili. Kikiwa chembamba, mshono wako umenenepa. Ukishapata mahali sahihi, bandika plasta ya kidonda tabaka tatu nne kwenye bamba la cherehani, kando ya sindano, iwe ukuta wa kuegemeza kitambaa. Cherehani za mguu nyingi hazina alama yoyote, na jicho peke yake huchoka kufikia kiraka cha ishirini.

Mishono ya kuunganisha viraka iwe takriban 10 kwa inchi. Ukimaliza mstari, laza mishono yote upande mmoja kwa pasi. Mstari unaofuata laza upande wa pili. Mistari miwili ikikutana, miinuko ya mishono inashikana kona kwa kona yenyewe. Pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isisuguliwe, kwa sababu kusugua kunavuta viraka. Kama ni pasi ya mkaa, ipulize na kuikung'utia nje kabla, na weka kitambaa chenye unyevu juu ya viraka. Cheche moja ndogo inatoboa kiraka kilicho katikati kabisa ya uso, maana ndivyo cheche zilivyo.

Kuunganisha matabaka fanya sakafuni. Tandaza mgongo, uso wake mzuri ukitazama chini, unyooshe na uubandike kwa selotepu kando zote. Unyooke tu, usivutwe. Ukiuvuta, ukibandua utarudi na kutengeneza mikunjo mgongoni. Juu yake kijazo, kisha uso wa viraka. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kuanzia katikati kwenda nje, mistari iachane kiganja kimoja. Vikwasi (pini za kufunga) pia vinafaa, lakini kwa ukubwa huu utahitaji karibu mia. Wanaoruka hatua hii kwa haraka ndio wanaokuja kuuliza kwa nini mgongo umejikusanya. Jibu ni rahisi: meno ya cherehani yanavuta tabaka la chini, mguu unaburuza la juu, na bandi ndiyo inayoyalazimisha yaende pamoja.

Badili sindano, tia mpya namba 14 au 16. Punguza mkandamizo wa mguu kama cherehani yako ina skrubu hiyo, na refusha mshono uwe kama 8 kwa inchi. Shona mshazari kutoka kona hadi kona ya kila kiraka, pande zote mbili, ukianza na mstari wa katikati. Kwa viraka vya inchi 4½, mistari hiyo inaachana inchi 3 na kidogo, sawasawa kabisa na mahitaji ya faiba, na huhitaji kuchora kitu kwa sababu kona zenyewe ndizo alama. Upande usioshonwa uviringishe kama mkeka upite chini ya mkono wa cherehani.

Mwenye kijazo cha blanketi anaweza kuacha cherehani na kufunga mafundo kwa uzi mnene wa pamba kwenye kila kona ya viraka: sindano ishuke, ipande milimita 5 pembeni, kisha funga ncha za uzi kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande ule ule mara zote mbili, fundo linateleza. Njia hii watu huidharau, lakini ndiyo inayoacha hewa nyingi kuliko zote. Kwa Makete tungeichagua hii.

Pembeni zungushia utepe wa inchi 2½ uliokunjwa mara mbili. Kwa ule mdogo mzunguko ni inchi 162, ukiongeza viungo na kona unahitaji vitepe vitano vya upana mzima wa kitenge. Viungo vyake vikate mshazari ili miinuko isirundikane mahali pamoja. Ukifika kona, simama robo inchi kabla ya mwisho, kata uzi, kunja utepe juu, urudishe chini, anza upya.

Zawadi ndogo zina sheria zake. Vishikio vya sufuria vya inchi 8 kwa 8 ni zawadi nzuri ya kitchen party, lakini ndani visiingie faiba. Inayeyuka. Tumia taulo kuukuu la pamba tabaka mbili na kipande cha jinzi, nje khanga au kitenge cha pamba kilichopita mtihani wa kiberiti, uzi nao wa pamba. Mwambie bibi harusi asikishike kikiwa kimelowa, kwa kuwa maji yanapitisha moto hadi kiganjani kwa kasi ya ajabu.

Khanga ina jina lake, na jina zuri likiwekwa katikati ya foronya au mfarishi halihitaji kadi. Kata kwanza jina likiwa zima, ukiacha inchi moja kila upande, ndipo ugawe mji na pindo kuwa viraka. Soma kabla ya kukata. Khanga za mafumbo ni nyingi sokoni, na jina lililotungwa kumsimanga jirani halipendezi kitandani kwa maharusi. Kwa vile khanga ni nyepesi, iwekee kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nyuma.

Mfarishi wa mtoto usiwe na vifungo wala shanga, na mama aambiwe wazi kuwa ni wa kutandika chini au kumfunika akiwa amepakatwa. Mtoto wa chini ya mwaka asiachwe amelala peke yake chini ya mfarishi mzito.

Mwenye kupokea apewe na maelekezo ya kufua: maji ya baridi au uvuguvugu, ukandwe usikamuliwe. Usianikwe kwenye kamba moja, maana maji yote yanashuka upande mmoja na uzito wake unakata nyuzi. Uweke juu ya kamba mbili tatu zilizo sambamba, kivulini penye upepo, mgongo ukiwa juu. Kati ya Novemba na Aprili, mvua za Mbeya na Rungwe zikishika, kijazo kinaweza kukaa na unyevu siku tatu hali uso umekauka, na hapo ndipo harufu ya uvundo inapoanzia. Shika kona, bana matabaka yote matatu pamoja: kama unahisi ubaridi wa unyevu, haujakauka.