Dogo, hela usitume kwanza, soma hapa

Aisee subiri. Unasema unakusanya swabu za koo za watoto wa shule huko Igoma, unataka kuagiza kingamwili (protini ya kinga inayoshika kijidudu) ya sungura ya strep kundi A, bakteria wa koo, iliyobandikwa rangi ya kung'aa, kila kitakachowaka kijani kwenye hadubini unakihesabu strep A, mchezo umeisha. Na wakala kakuhakikishia "inashika A tu". Huyo wakala wako na wangu walikaa dawati moja, sibishi.

Mimi nimeipita hiyo njia. Iliwaka balaa! Slaidi karibu zote kijani, bosi anachekelea, tukaanza kupiga hesabu watoto wangapi wako hatarini kupata ugonjwa wa moyo wa rumatiki, majedwali tukayapeleka mbele ya watu wenye suti zao, mzee mmoja kule nyuma akauliza kitu kimoja tu, mmeotesha, yaani mmewakuza hao bakteria maabara? Kimya. Tukarudi kwenye swabu zilizokuwa friza, tukaotesha kwenye agari ya damu, tukapima kwa basitrasini, PYR na lateksi za makundi (vipimo vya kutofautisha strep), strep A kiduchu, zilizobaki ni strep kundi C, kundi G na staph aureus, bakteria wa jamii nyingine kabisa, kibao. Ripoti ikafutwa, hela ya mradi ndo basi tena, na mimi nikapewa jina la "Kijani" ambalo mpaka leo linaitwa kwenye korido. Chekeni tu, nimeshazoea.

Kilichotuua ni hiki. Kingamwili ina umbo la Y. Mikono ndiyo inatambua ile sukari ya ukuta wa bakteria ambayo Rebecca Lancefield aliitumia kupanga makundi mwaka 1933. Mkia hautambui chochote. Sasa strep C na G nyingi zina protini G kwa nje, staph aureus ana protini A, na hizo zinadaka mkia, ya sungura ndo zinaipenda kweli kweli, ni kama wapiga debe wa stendi ya Nyegezi, wanakudaka begi hata hawajauliza unaenda wapi. Rangi inabaki pale, inawaka, na wewe unaandika "A". Na staph kwenye koo na pua za watoto si mgeni.

Kwa hiyo sampuli ileile, slaidi ya pili, weka IgG, yaani kingamwili, ya sungura wa kawaida ambaye hajachanjwa kitu, rangi ileile, kiasi kilekile. Ikiwaka na hiyo, umepigwa. Kabla hata hujagusa sampuli ya mtoto, jaribu kwenye staph aureus na strep G unazozijua. Nilipompigia wakala wangu akaniambia eti "wateja wengine hawalalamiki". Hawalalamiki kwa sababu hawajaweka IgG ya kawaida bana! Wewe mwombe wa kwako majaribio yao dhidi ya staph na strep G kwa maandishi, uone atakavyoanza kukohoa.

Kama bajeti inaruhusu tafuta vipande vya F(ab')2, hivyo mkia umeshakatwa, au kingamwili ya kuku inayotolewa kwenye kiini cha yai, protini A na G haziishiki. Na bado uoteshe.

Friji uliuliza eeh, hiyo kingamwili iweke gizani, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, usigandishe kama karatasi yake haijasema, na umeme wetu huu unaujua mwenyewe. Mambo ya vibali na dilushani (uizimue kiasi gani) wadau wengine watakujazia.

Wakala akikujibu bandika jibu lake hapa, nataka kulisoma.