Muulize Fundi: Stripu za Beetle zitoke kabla ya rangi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1968 niliyoachiwa na baba, nataka kuipaka rangi upya. Fundi wa rangi anasema zile stripu za kung'aa za ubavuni tuziache hapohapo atazifunika na maskingi tepu, eti tukizitoa zitapinda. Ni kweli? Na zinatolewaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa hilo usimkubalie kabisa, stripu zitoke. Nyuma ya kila klipu inayoshika stripu kuna tundu kwenye bati, maji na vumbi vinakaa humo miaka na miaka na kutu ya ubavuni mara nyingi inaanzia hapohapo, sasa ukifunika na tepu ukapuliza rangi unakuwa umeifungia kutu ndani, halafu rangi mpya inaishia kwenye ukingo wa stripu na hapo ndo inaanza kubanduka.

Kwamba zinapinda ni kweli, ila kinachozipinda ni papara. Wengi wanadhani ni chuma chenye nikeli, kumbe ni aluminiamu laini, ukishika ncha moja ukavuta kama unabandua stika inakunjika pale kwenye klipu na hilo kunjo halinyooki vizuri tena.

Bisibisi weka mbali. Tafuta kabari ya plastiki au chonga kijiti cha mwanzi kiwe bapa, bandika tepu juu na chini ya stripu ili bodi isichubuke. Halafu pitisha kidole taratibu ukibonyeza, panapocheza hakuna klipu, panapogoma ndo klipu ilipo. Penyeza kabari ukingo wa chini palepale kwenye klipu, izungushe kidogo mpaka ukingo uachie, usivute bado, hamia klipu inayofuata, zikishaachia zote ndo unainua stripu nzima kwa mikono miwili na mwenzio ameshika ncha ya pili. Klipu iliyoshikwa na kutu ipulizie mafuta ya kulainisha uilaze mpaka kesho. Ikigoma mlangoni toa kava la ndani uibane na plaizi kwa nyuma.

Ziko saba, moja ya mfuniko wa mbele na tatu kila ubavu, kwa hiyo kila moja ibandikie tepu uandike inakaa wapi, zilaze sehemu tambarare. Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni basi. Msasa, stilwulu na magadi ya kuzibulia mabomba vinaondoa ule utando wa juu unaoikinga, ikishapauka ndo imetoka hiyo.

Halafu simamia hili mwenyewe: fundi asizibe matundu na puti!! Yakwanguliwe kutu, yapakwe praima mpaka kwenye kingo za ndani. Nimeona magari yakirudi yamepakwa vizuri kabisa lakini matundu hayapo, watu wanaanza kutoboa upya kwenye rangi mpya, inauma sana.

Kurudisha usikimbilie, acha rangi ikauke mpaka ndani, ngoja hata wiki kadhaa. Nunua klipu mpya na raba zake maana aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu inaliwa. Ukiagiza taja mwaka, kuanzia modeli ya 1967 stripu ni nyembamba kuliko za zamani. Panga klipu kwenye matundu na grisi kidogo, vuta uzi toka mbele hadi nyuma uone kama zote ziko mstari mmoja, kisha ning'iniza ukingo wa juu wa stripu kwenye klipu na usukume wa chini kwa kiganja mpaka usikie inalia "tak". Kabla hujabamiza mlango ufungue polepole kwanza, ncha ya stripu ya mbele ikizidi hata kidogo itakwangua mlango.

SWALI: Fundi, Toyota Mark II yangu ya miaka ya 80 moldingi zake, yaani stripu za ubavuni za plastiki, ni za gundi tu, nazo nitumie kabari? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana ndugu yangu. Iache juani mchana gundi ilainike, pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya moldingi ukiukereza huku na huku, taratibu. Gundi iliyobaki ifute na kitambaa chenye mafuta ya taa, osha na sabuni, kausha vizuri, ndo ubandike tepu mpya ya pande mbili ile ya magari, ile ya steshenari haitashika.