Watoto wa Likoni wamo Mombasa au hawamo?

SWALI: Bwana mchora ramani, salaam aleikum. Nafundisha gredi ya nne huku Likoni. Kitabu kimoja chasema Mombasa ni kisiwa, kingine chasema ni kaunti yenye watu zaidi ya milioni. Watoto wameniuliza kama sisi tumo Mombasa ama hatumo. Na ukubwa wake, niwape upi?

JIBU: Wa aleikum salaam, Mwalimu. Wamo, tena wamo kamili. Jina moja limebeba vitu viwili. Kisiwa ni kipande kidogo, kama kilomita 14 za mraba, na kiutawala ndicho Mvita. Kaunti ni kisiwa hicho pamoja na bara inayokizunguka: Nyali na Kisauni upande wa kaskazini, Jomvu na Changamwe magharibi, Likoni yenu kusini. Nchi kavu yote ni kama kilomita 220 za mraba, na bado hakuna kaunti ndogo kuliko yetu katika zote 47.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Mvita walikuwa 154,171 tu. Likoni peke yake 250,358, na Kisauni 291,930! Yaani katika kila Wamombasa wanane, anayelala kisiwani ni kama mmoja. Hata mgeni anayeshuka uwanja wa ndege kule Changamwe, au kwa treni ya SGR pale Miritini, ameshafika Mombasa kabla hajakanyaga kisiwa.

Kosa ninalokutana nalo sana katika kazi za wanafunzi ni kuchukua watu wa kaunti nzima na kuwagawanya kwa ukubwa wa kisiwa. Jibu hutoka zaidi ya watu 86,000 kwa kilomita moja ya mraba, na mtoto hulinakili bila kushtuka. Gawanya kwa 220, utapata kama 5,500. Ukitaka msongamano wa kisiwa, tumia watu wa Mvita: ni zaidi ya 10,000. Tafadhali wafanyishe hesabu zote mbili ubaoni.

Utawala ni mwepesi: gavana mmoja, bunge la kaunti, maeneo bunge sita, wadi 30. Nambari ya kaunti yetu ni 001 kwa sababu Katiba ya 2010 inapoorodhesha kaunti inaanza na Mombasa. Sanamu ya pembe za ndovu ya Moi Avenue wanaijua wote, lakini wakiulizwa alama rasmi, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na bendera, nembo na muhuri.

Kwa ramani, waambie wachore maji kwanza: Kilindini, Tudor, na mlango wa bahari. Kisiwa kitajitokeza chenyewe katikati. Kisha waweke feri, daraja la Nyali na Makupa, na kila mtoto atie nukta nyumbani kwao.