Muulize Rubani: Ndege iliyoingia kwenye chai

SWALI: Shikamoo Kapteni. Nachuma chai Mufindi. Asubuhi moja kiangazi hiki ndege ndogo ya injini moja ilitua kiwanja cha nyasi jirani na shamba letu, ikapitiliza hadi ndani ya chai. Pangaboi lilipinda, watu wakatoka wazima. Ukungu haukuwepo, hata moshi wa kiwanda niliuona vizuri, ukikimbilia huko huko ilikokuwa inaelekea ndege. Wengi wanasema breki zilifeli, ila rubani mwenyewe kasema kosa ni lake. Mtu aliyesomea anakoseaje mchana kweupe?
Mama wa Mufindi

JIBU: Marahaba, mama. Moshi umeutaja kwa kupitia tu, kumbe ndio ushahidi mkubwa kwenye barua yako. Ndege hutua ikiukabili upepo. Huyu alitua upepo ukimsukuma mgongoni.

Tena Mufindi ni juu. Kwenye mita 1,800 hivi hewa ni nyepesi na kipimo cha mwendo husoma pungufu: mshale ukionyesha kilomita 110 kwa saa, ndege inakwenda takriban 120. Upepo wa kilomita 15 ukitoka mbele, magurudumu yatagusa nyasi kwa 105. Ukitoka nyuma, 135. Kwa mwendo huo wa pili, kusimama kunataka nafasi zaidi ya mara moja na nusu. Na nyasi zikiwa na umande, hata breki nzima zinateleza.

Bado lilikuwepo la kumwokoa. Ndege ikielea hadi nusu ya kiwanja magurudumu hayajagusa, dawa ni moja: sukuma mafuta yote, paa, zunguka, rudi kwa upande wa pili. Wanaong'ang'ania kushuka si wazembe. Mmoja amechoka, mwingine mwenye ndege kakaa kiti cha pembeni, mwingine keshatua hapo salama mara nyingi. Nimefundisha vijana hodari walioona aibu kupaa tena mbele ya watu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo huyo aliyekiri msimcheke. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema uchunguzi wa ajali ya ndege ni wa kuzuia nyingine, si wa kutafuta wa kulaumiwa. Wachunguzi wakifika, wasimulie huo moshi, kisha watembeze hadi pale ulipoona magurudumu yakigusa kwanza.